Muulize Shangazi Cherehani: Gia ziweke kwenye droo kwanza

Salamu Shangazi. Mimi ni mwanafunzi, naishi Kayole. Na wenzangu tunataka kwenda kwenye maonyesho ya wapenzi wa katuni tukiwa tumevaa stimpanki. Koti moja mtandaoni linauzwa bei ya kodi yangu ya nyumba. Nina elfu mbili na mia tano, cherehani ya mama, na Gikomba si mbali. Nimeshanunua gundi na pakiti ya gia za plastiki za kubandika kwenye kofia. Nianzie wapi?
Mchoka na Bei, Nairobi

Hizo gia ziweke kwenye droo, mwanangu, na gundi uifunge vizuri isikauke. Tutazirudia tukipata sababu.

Kwa wasomaji ambao hawajakutana na kitu hiki: stimpanki ni mavazi ya dunia ya kubuni ambamo injini ya mvuke haikustaafu. Watu bado wanavaa kama enzi za Malkia Victoria, aliyetawala Uingereza toka 1837 hadi 1901, ila mgongoni wamebeba mitungi na mabomba, na saa zao zina mishale mingi kuliko inavyohitajika. Ni mchezo, lakini ni mchezo wa ushonaji, ndiyo maana swali limekuja kwangu.

Sasa wewe ni nani? Jina sitaki. Je, ni fundi wa mabehewa? Karani wa posta anayepeleka barua kwa puto? Daktari wa meli ya angani? Mpaka ulijibu hilo, kila utakachobandika kitakuwa pambo tu, na watu watakuona kama mti wa Krismasi. Ukishajua kazi yako, mavazi yanajipanga yenyewe: fundi anahitaji mifuko na aproni, karani mkoba na mihuri, daktari vichupa vyenye vizibo.

Tuseme wewe ni fundi wa treni, maana hapo Nairobi una mwalimu wa bure, au karibu bure. Nenda Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni, ukamtazame Mount Gelai, nambari 5918. Ni injini ya treni ya mvuke, aina ya Garratt, daraja la 59, kazi ya kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester katika miaka ya 1950, na uzito wake ni kama tani 250. (Ilichoma mafuta mazito, kwa hiyo ukijipaka masizi na kubeba koleo la makaa ukasema umetoka humo, mzee yeyote wa reli atakucheka.) Usipige picha ya kujionyesha halafu ukaondoka. Fuata bomba moja kwa macho. Linatoka mahali na linafika mahali, lina mkono wa kulishikilia na nati zake zinaonekana. Na wewe mpira ukitoka kwenye mtungi mgongoni, ufike kwenye kipimo kifuani au kwenye glavu. Ukiishia hewani, umeharibu.

Gikomba uende asubuhi, lakini usishindane na wanaogombea kamera, zile nguo bora zinazochaguliwa kwanza. Wewe ni mtu wa fagia, zile nguo zilizobaki baada ya wenye pesa kuchagua. Koti la sufu lililoliwa na nondo kwenye kiwiko ni zuri kwako, kiraka kitakaa hapo na kitaonekana cha kazi. Angalia mabega kabla ya kitu kingine chochote. Kiuno nitakupunguzia hata nikiwa nimelala, lakini bega lililokaa vibaya ni kazi ya kufumua koti zima. Yale makoti ya kike ya miaka ya themanini yenye sponji mabegani yanauzwa rahisi kwa sababu hakuna anayeyataka. Toa sponji, kaza kiuno, umepata umbo la Victoria. Pazia nzito la maua linatoa kizibao. Sketi ya ngozi iliyopasuka inatoa mikanda, vikuku vya mikono, na vifuniko vya mifuko.

Ukitaka mikia nyuma kama ya bwana wa zamani, chukua koti refu. Livae, umwombe mtu akupigie mstari wa chaki kuanzia chini ya kifungo cha kiunoni, mstari uzunguke kwa mviringo hadi mshono wa ubavuni. Fumua bitana ya pindo kabla ya mkasi, usikate vitambaa viwili kwa pamoja, vitateleza. Kata koti ukiacha nusu inchi ya kukunja, kata bitana ifuate, piga bandi, ile mishono mirefu ya muda, vaa, tazama kwenye kioo, ndipo umalizie kwa mkono. Sufu nzito haipendi kukimbizwa na mashine kwenye kona.

Halafu rangi, na hapa ndipo ninapofurahia. Vipande vyako vitakuwa vimetoka marobota tofauti na vitagombana. Vichovye vyote chai. Chemsha majani mengi, chai ya rangi kali ambayo hakuna mgeni ungethubutu kumpa, uzamishe nguo iliyoloa maji tayari, uiache hadi ipoe. Sufu yenyewe usiichemshe wala kuisugua, itajikunja. Pamba, kitani, hariri na sufu zitashika rangi, poliesta haitashika hata ukiomba. Hujui ni ipi? Choma uzi mmoja kwa kiberiti: pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu, poliesta inayeyuka na kuganda kijidonge kigumu.

Kabla ya hapo uwe umeloweka misumari yenye kutu kwenye siki kwa siku kadhaa. Chukua brashi, paka maji yale juu ya kitambaa kilichokwisha shika chai. Kinageuka kijivu mbele ya macho yako, ukiongeza kinaelekea weusi. Paka midomo ya mifuko, ncha za mikono, ukosi, mahali ambapo mkono mchafu wa fundi ungegusa kila siku. Suuza sana ukimaliza, maana chuma kikiachwa kinakula uzi.

Miwani nunua ile ya duara ya wachomeleaji, kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Toa vioo vyake vyeusi, hutaona hata ngazi, uweke plastiki iliyokatwa kwenye chupa ya soda. Gia halisi waombe mafundi saa, wana makopo ya vifaa vilivyokufa. Na usibandike. Shona kwa uzi wa viatu au umpelekee fundi viatu atoboe na kugonga riveti, kwa sababu gundi ya kuyeyusha haikishiki vizuri chuma laini na ikikaa kwenye jua inalegea. Zile za plastiki ulizonunua mpe mdogo wako.

Shikamoo Shangazi. Nimezaliwa Unguja, sasa ninaishi Leicester. Kila mwisho wa Agosti kuna tamasha la stimpanki mjini Lincoln na wenzangu wa kazini wamenialika. Wao huvaa kama mabwana na mabibi wa Kiingereza. Mmoja wao amenitafutia helmeti nyeupe, ile waliyovaa wapelelezi wa Kizungu waliokuja Afrika enzi za ukoloni. Moyo umekataa kuivaa, lakini sitaki kuonekana mtu wa kununa. Nina joho la babu yangu marehemu na kanga nyingi. Nifanyeje?
Binti wa Shangani

Marahaba mwanangu. Helmeti mrudishie mwenyewe, kwa shukrani na tabasamu, mwambie una nguo yako. Hiyo si kununa. Mimi nashonea watu wengi vitu vya ajabu, lakini hiyo kofia sijaishona na sitaishona.

Tena wewe huna haja ya kuazima enzi ya mtu. Wakati hao mabibi wa Victoria wanavaa sketi zenye vyuma ndani, Seyyid Barghash alikuwa anatawala Zanzibar, 1870 hadi 1888. Alikwenda Uingereza mwaka 1875. Mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib, jumba lililokuja kuwa na taa za umeme na lifti. Bandarini kulikuwa na meli yake ya mvuke, Glasgow, ambayo Waingereza waliizamisha tarehe 27 Agosti 1896 katika vita vilivyokwisha kabla saa moja haijatimia. Stimpanki gani inayozidi hiyo? Tarehe yenyewe inaangukia karibu na tamasha lenu.

Basi wewe uwe fundi wa lifti ya Beit al-Ajaib. Shona marinda, ile suruali ya kike ya zamani yenye mikunjo, kwa shuka nyeupe ya pamba yenye lasi chini, na kanzu ya kike inayoishia magotini ili marinda yaonekane. Barakoa ikate kwenye kadi ngumu, uivike kitambaa cheusi cha hariri na ukingo wa ukanda mwembamba wa shaba. Kiunoni funga mkanda mpana wa ngozi wenye spana, funguo kubwa na kopo la mafuta. Kanga usizikate kutengeneza gauni. Moja funga kichwani, na jina lake lisomeke.

Joho la babu usiliguse na mkasi, wala sindano ya riveti, wala chai. Livae juu ya yote kama lilivyo. Kama unataka cheni ya saa ipite kifuani, ishike kwa bandi mbili za uzi laini, ukirudi nyumbani unazichomoa. Jambia la kweli liache kabatini, huko ni kosa kutembea na kisu hadharani bila sababu halali. La mbao linatosha.

Mkanda, buti na shuka utavipata kwenye maduka ya hisani ya hapo hapo Leicester. Nguo nyingi zisizouzwa humo ndizo hufungwa marobota zikaja kwetu, kwa hiyo wewe unachagua kabla ya Gikomba. Umekuwa mtu wa kamera bila kujua. Na vaa suruali ya sufu chini ya marinda. Agosti ya Uingereza naisikia tu kwa wateja wangu, lakini wote wanalalamika.

Shangazi, nimepaka bomba na chupa rangi ya dhahabu lakini bado vinaonekana plastiki. Bastola ya maji ya mwanangu nayo nataka kuipaka.
Baba Watatu, Mwanza

Dhahabu peke yake ndiyo inayokusaliti, chuma cha kazi haking'ai sawasawa. Sugua plastiki kwa msasa hadi mng'ao uishe, pulizia nyeusi isiyong'aa, iache ikauke kabisa. Chovya brashi kwenye dhahabu, uifute kwenye gazeti mpaka ionekane kavu, ndipo upitishe kwa wepesi kwenye kingo na sehemu zilizoinuka. Kwenye mashimo acha weusi. Maliza kwa kiwi ya viatu ya kahawia kidogo kwenye kitambaa, hasa kuzunguka nati.

Bastola iache na rangi zake za mtoto, hasa mdomoni. Askari wa getini hana muda wa kuuliza kama ni ya maji au ya mvuke.