Kabla hujalipia mashine ya boti, pima ubao wa nyuma (mimi nilipima vibaya, na nililipia)

Wiki iliyopita msomaji mmoja kaniandikia inboksi: "Kaka mashine yangu ikikutana na mawimbi inalia kama inataka kupasuka halafu boti haisogei, fundi kanibadilishia propela mara mbili, nifanyeje?" Ile meseji niliisoma mara tatu nikaweka simu chini, maana hayo ndiyo yaliyonikuta mimi, hata idadi ya propela ni ileile. Nimeona nijibu hapa wote msome, najua mko wengi mnaotafuta mashine ya kwanza na akili zote ziko kwenye nguvu za farasi tu, ni 15 au 25 au 40, imetumika sana au kidogo, inawaka kirahisi au inasumbua. Shafti, yaani urefu wa mkia wa mashine unaoshuka majini, hakuna anayeuliza.

Mimi nilikuwa nimejikusanyia hela miaka miwili. Nikapata farasi 15, imetumika lakini safi, unavuta kamba mara moja inaitika. Muuzaji akasema "hii ndefu, inakufaa kabisa". Sikuchukua neno lake hivihivi, nilipima, na hapo ndo panaponiuma mpaka leo kwa sababu nilikuwa na futi kamba mkononi na bado nikakosea. Nilianzia pale mashine inapokalia ubao nikashuka mpaka chini kabisa kwenye lile pezi lililo chini ya propela, nikapata inchi 25. Ubao wa boti yangu ulikuwa 20. Nikaona inatosha na kuzidi, nikalipa.

Kumbe mashine haipimwi mpaka kwenye pezi. Inapimwa kutoka pale inapokalia ubao mpaka kwenye bapa, lile lililolala juu ya propela ambalo mafundi wengi wanaliita kavitesheni. Ukiishia hapo mashine yangu ilikuwa 16. Yaani shafti fupi nimeifunga kwenye boti ya shafti ndefu.

Siku za mwanzo maji yalikuwa yametulia sikuona shida. Siku ya nne tuko mimi na mtoto wa dada yangu, upepo ukaanza, kila omo (mbele ya boti) ikizama tezi (nyuma) inanyanyuka na propela inaanza kuvuta hewa, mashine inapiga ukelele, boti imesimama palepale, nikikata kona ndo vilevile, nikiongeza moto (mafuta) inazidi. Nikageuka kuangalia mashine inavyokojoa, kale kamkondo ka maji ya kupoozea kanakotoka ubavuni, nikakuta kanadondoka matone, kisha kakakata kabisa, ukaanza kutoka mvuke. Maji ya kupoozea yanaingilia huko huko chini karibu na propela, kwa hiyo propela ikivuta hewa na pampu nayo inavuta hewa. Nikazima, tukapiga makasia mpaka mikono ikachubuka. Tulivyofungua pampu, mabawa ya impela, kile kigurudumu cha raba kinachosukuma maji, yalikuwa yameungua na kukatika, vipande vingine vimeshaingia kwenye njia ya maji.

Fundi akasema ni propela, raba ya katikati imekufa inateleza. Tukabadilisha. Ikalia vilevile. Tukaweka nyingine. Sikatai, raba ikifa mashine inalia hivyohivyo kweli, lakini jamani, raba iliyokufa haisubiri wimbi wala kona, ukitia moto tu inateleza hata maji yakiwa shwari. Hilo peke yake lingemwambia tatizo liko kwingine, kama angeuliza linatokea saa ngapi. Hakuuliza.

Mara ya tatu akaja na msumeno. "Tukate ubao inchi nne, mashine ishuke." Nikakubali, nilikuwa nimechoka. Na boti ikakimbia! Nilikaribia kulia kwa furaha. Wiki mbili baadaye nina mzigo nyuma, nikapunguza moto ghafla, lile wimbi langu mwenyewe lililokuwa linanifuata likanifikia na kuingia palepale palipokatwa. Sekunde chache tu maji yamefika magotini. Tulichota kwa ndoo na kwa mikono, tukapona, lakini nilipoteza mzigo wote na vifaa vyangu, na yule fundi akaniambia sijui kuendesha. Sijamsahau.

Sasa nisikilizeni vizuri. Urefu wa ubao wa nyuma haujawekwa kwa ajili ya mapambo, ule ndio ukuta unaozuia maji yasipande kwa nyuma, kwa hiyo ukiukata ili mashine fupi ifike umeuza usalama wako na wa watu uliowabeba. Mashine ndiyo inayoifuata boti.

Unapima hivi. Boti ikiwa nchi kavu, shika futi kamba katikati ya ubao, pale pale mashine itakapokaa, anzia ukingo wa juu shuka wima mpaka chini ya boti. Katikati, narudia, kwa sababu boti yenye tumbo la V ukipima pembeni unapata namba ndogo ya uongo. Shafti zinakuja kwa saizi za inchi 15, 20, 25 na chache za 30 (sentimita 38, 51, 64 na 76 hivi), na kwenye mashine nyingi utakuta herufi, S ni fupi, L ni ndefu, X ni ndefu zaidi. Usiamini herufi peke yake, mashine za mkononi zimepita kwa mafundi wengi na mikia inabadilishwa. Pima mpaka kwenye bapa. Ukishafunga, chukua ubao ulionyooka uulaze chini ya boti utokeze nyuma mpaka kwenye mashine, bapa liwe sawa nao au limeshuka kama inchi moja. Likiwa juu ya hapo kwa inchi nne kama langu, utalia.

Shafti ikizidi urefu nayo ni shida ila ya kistaarabu, usukani mzito, maji yanaruka nyuma, mafuta yanaisha haraka na mkia unagonga chini mapema. Hiyo unaongezea kipande cha mbao ngumu juu ya ubao ili mashine ipande, unapitisha bolti mpaka upande wa pili, basi.

Mimi nilijenga ubao upya nikaurudisha 20, nikauza ile fupi kwa mwenye boti ya 15 baada ya kumwonyesha vipimo vyote, nikachukua L. Msimu wa tatu huu, nakata kona moto umejaa na mashine haibadilishi sauti.

Yule msomaji nilimwomba namba mbili tu. Jana kajibu, ubao 20 na nusu, mashine 16. Akaongeza kwamba fundi wake anakuja Jumamosi na msumeno. Nimempigia simu hapohapo.