Panda Accolade, ila ondoa magogo kwanza

Dada, umeuliza kama mti wa elmu (kwa Kiingereza elm) chotara uitwao Accolade utasalimika hapo uani kwako Chicago, ulipokufa ule wa zamani. Panda, ni chaguo zuri sana. Ulichaguliwa katika bustani ya miti ya Morton Arboretum, jirani zenu kabisa, nao huvumilia vizuri kuvu inayoziba mishipa ya maji ya elmu. Ila kuvumilia si kinga kamili, kwa hiyo magogo ya mti uliokufa yaondoe yote pamoja na magome, maana mbawakawa wanaoeneza kuvu hiyo huzaliana humo. Upogoe wakati wa baridi kali, wadudu hao wakiwa wametulia. Mti huo ungali mchanga, punguza matawi yaliyobanana yasije yakapasuliwa na upepo. Na tafadhali, usiupande chini ya nyaya za umeme: unaweza kufika karibu mita 20.