Kuhusu chumba unachotaka kupanga Shanghai

Mwanangu Rehema,

Barua yako nimeipata. Unauliza kama ukipanga chumba kwenye vichochoro vya kale vilivyokarabatiwa utakuwa umeshiriki kuwaondoa wenyeji, na kama ni kweli walifukuzwa. Unaniuliza mimi kwa kuwa nilisomea uhandisi hapohapo miaka ya 90.

Nyumba za shikumen, zile za matofali zenye fremu za mawe mlangoni, zilianza kujengwa miaka ya 1860, na nyingi zilikusudiwa familia moja. Nilizozikuta mimi zilijaa familia nne, tano, jiko moja la kugombania, na ndoo ya haja inayotolewa kila asubuhi ikamwagwe. Wanaopiga picha pale leo ndoo ile hawaijui. Wazee niliozungumza nao wengi walitaka kuhama, ila wasipelekwe mbali na soko, hospitali na wenzao wa kucheza nao mahjong.

Hapo ndipo penye kesi. Ardhi ya mjini huko ni mali ya serikali kwa katiba ya China ya 1982, na marekebisho ya 1988 yakaruhusu haki ya kuitumia iuzwe. Mgawanyo wa mapato ya kodi kati ya serikali kuu na serikali za chini ulipobadilishwa 1994, serikali za miji zikaegemea sana mapato ya kuuza haki hiyo. Wakazi wa vichochoroni wengi walikuwa wapangaji wa serikali, kwa hiyo kiwanja kilipopanda bei, faida haikuwa yao. Walipewa fidia, au fleti pembezoni mwa jiji: choo ndani, kliniki mbali. Shanghai ilikuwa imejiwekea lengo la kubomoa meta za mraba 3,650,000 za nyumba duni kufikia 2000.

Xintiandi unayoisifia, ule mtaa wa shikumen uliogeuzwa maduka na mikahawa, ilifunguliwa 2001 na kampuni ya Shui On ya Hong Kong. Sura ya nyumba ilibaki, ingawa sehemu kubwa ilijengwa upya, lakini wakazi waliondolewa. Tena mtaa ule uliokoka kwa sababu imo nyumba ulimofanyika mkutano mkuu wa kwanza wa Chama cha Kikomunisti, 1921, na jirani yake hayakuruhusiwa maghorofa marefu. Leo wanaokaa pale ni wanywaji kahawa. Mao sijui angesemaje.

Tianzifang, mtaa mwingine wa vichochoro, ni kisa kingine. Wasanii waliingia kwenye karakana za zamani mwishoni mwa miaka ya 90, kisha wenyeji wakaanza kupangisha vyumba vyao wenyewe, kodi ikaingia mifukoni mwao. Waliobaki ghorofani walilalamikia kelele na harufu za mapishi, na walikuwa na haki. Hata hivyo, kati ya mitaa hiyo miwili mimi nautetea huu, maana wengi walioondoka hapo waliondoka kwa hesabu zao.

Basi wewe hujamfukuza mtu, lakini uliza kodi yako inaenda kwa nani. Kama mwenye chumba ni bibi anayeishi humohumo, panga bila wasiwasi. Kama ni kampuni iliyochukua kichochoro kizima, tafuta kwingine. Na kwa posho yako ya ufadhili hutaimudu hata hivyo. Mkataba usomewe kwanza na mwenzako anayekijua Kichina vizuri, na ukishahamia nenda polisi ukajiandikishe ndani ya saa 24. Wageni wengi husahau hilo, kisha hulipa faini.

Baba yako anakusalimu.

Mama yako