Bata mzinga mwitu: dume akinyamaza, usiinuke

Kila Aprili ndugu walioanza kuwinda bata mzinga huku Missouri, Marekani, huniuliza jambo lile lile: "Dume alinijibu vizuri tu, mara kimya. Kaenda wapi?" Aghalabu hajaenda popote. Anakuja, na wewe umeshasimama.

Majira haya ya kuchipua, dume hulia, akatandaza mkia, na majike ndio wanaomfuata. Wewe uliyeketi chini ya mwaloni ukiiga sauti ya jike unamtaka afanye kinyume cha maumbile yake, yaani aje yeye. Ndiyo sababu husimama mita hamsini hivi na kungoja huyo jike ajitokeze. Ukizidi kumwita, anaamini jike yuko njiani, basi habanduki. Nyamaza. Hamu ya kutaka kujua jike kapotelea wapi ndiyo itakayomsogeza.

Kazi huanza jioni ya kabla, kwa kusikiliza anapanda mti gani kulala. Alfajiri, kabla hakujapambazuka, iga mlio wa bundi; dume hushtuka na kulia bila kutaka. Msogelee hadi kama mita mia, usivuke hapo. Kati yenu pasiwe na kijito, uzio wala korongo, maana atafika pale na kugoma. Egemea mti mpana kuliko mabega yako: unaficha umbo lako na kukulinda mgongo dhidi ya mwindaji mwingine.

Kwa mtu anayeanza, napendekeza sleti ya kuigia sauti ya jike, ile ya duara inayosuguliwa kwa kijiti. Dume akishajibu, iweke chini, laza bunduki gotini, mtutu uelekee sauti ilikotoka, kisha tulia tuli. Ndege huyu huona rangi, na huona karibu pande zote bila kugeuka. Kope tu ikichezacheza usoni pasipofunikwa inatosha kumkimbiza. Jisogeze pale tu kichwa chake kinapopita nyuma ya shina. Akija kimyakimya, tega sikio: majani makavu yatachakarika, ncha za mbawa zitakwaruza ardhi, na utasikia mdundo mzito wa kifuani ambao unausikia kama uko ndani ya mwili wako.

Asubuhi ikiharibika, usirudi nyumbani. Kuanzia saa nne hivi majike wengi huenda kutaga, dume akabaki peke yake. Hapo ndipo wale wagumu wa alfajiri hulegea. Kwenye ardhi ya umma Missouri mwisho ni saa saba mchana, kwa hiyo soma kanuni za mwaka husika.

Usipige zaidi ya mita 35, na jaribu marisawa yako (zile risasi ndogondogo) kwenye karatasi kabla ya msimu. Lenga shingo, si kifua. Hakikisha umeona ndevu kifuani, yaani kile kishungi cha manyoya kama nywele, kwani katika msimu huu hiyo ndiyo alama ya ndege anayeruhusiwa.

Na hili nalisisitiza kwa nguvu zangu zote: usivae nyekundu, nyeupe wala buluu, kwa kuwa ndizo rangi za kichwa cha dume. Usiunyemelee mlio, huenda ni mtu. Ukiona mwindaji anakuja, usimpungie mkono. Paza sauti umwambie upo. Ukibeba ndege wako kutoka msituni, mfunge kitambaa cha rangi ya chungwa.