Watoto 78, darasa moja, kila mmoja na mwendo wake

Mwalimu mwenzangu, pole na kazi. Umesema darasa lako la tatu lina watoto 78: wengine bado wanakwama kwenye silabi, wengine wanamaliza zoezi hata chaki hujaiweka chini. Usiandike maandalio manne kwa kila kipindi, utazimia.

Mpime kila mtoto peke yake, dakika mbili tu: herufi, silabi, neno, sentensi, hadithi fupi. Anapokwama ndipo kundi lake. Shirika la Pratham la India limetumia njia hii miaka mingi, likipanga watoto kwa kiwango cha kusoma badala ya darasa. Kisha tenga nusu saa ya makundi kila siku. Wa silabi kaa nao wewe mwenyewe, na kadi za maboksi na vizibo vya soda. Wanaosoma vizuri wape hadithi, waibunie mwisho mwingine. Makundi yape majina ya matunda ili wasijue lipi ni la chini, ingawa wangu walinigundua siku ya pili! Wapime tena kila mwezi, uwahamishe.

Yule anayekosea kunakili ubaoni lakini kwa mdomo anajibu vyema, mkalishe mbele kwanza. Huenda ni macho tu.