Maswali na majibu: Kabla hujatafuta deraya, tafuta konda

Mwezi huu maswali kuhusu deraya, yale mavazi ya kivita ya kwenye filamu tunayojitengenezea kwa sponji na plastiki na kuvaa kwenye shughuli, yamekuja mengi na nusu yake ni yaleyale, kwa hiyo nimechagua machache. Aliyeuliza bei asubiri, bei sitaji, mkijua bei mnaacha kuuliza mambo ya maana.

"Kaka, hivi ndani ya lile vazi kuna joto?" (wasomaji kumi na mmoja, kwa maneno tofauti)

Ndiyo.

"Bro nataka kuanza kutengeneza deraya ya askari wa anga wiki hii, gundi gani nzuri ya sponji?" (Morogoro)

Gundi ya fundi viatu, ile ya njano ya kopo, nenda kwa fundi yeyote hapo stendi muulize anainunua wapi. Unapaka pande zote mbili, unasubiri kama dakika kumi mpaka ukigusa haigandi kidoleni, ndo unakutanisha, na ukishakutanisha imeisha hiyo, hakuna kurudi nyuma, kwa hiyo pima mara tatu kwanza. Sponji ni EVA, hiyohiyo ya ndala, na ile mikeka ya watoto ya kuunganisha vipande inafaa kabisa. Unene wa milimita 10 kwa kifua na mgongo, 5 kwa mikono na mapaja. Kisu kikianza kuvuta sponji badala ya kukata, badilisha wembe, usiwe bahili.

Ila hujaniuliza kuhusu harufu, na hakuna anayeniulizaga. Gundi ile usiitumie chumbani umefunga dirisha kwa kuogopa mbu. Mi mwaka wangu wa kwanza nilifanya hivyo, nikaamka saa nane usiku kichwa kinagonga na mdomo una ladha ya kiatu kipya. Fanyia kibarazani. Ukiwa unasugua kingo kwa msasa vaa barakoa, na ukiwa unaipasha sponji moto ili ipinde, ikianza kutoa moshi ujue umeshazidisha, zima, sogea pembeni, ule moshi si wa kuvuta.

"Mbona RoboCop, yule polisi roboti wa kwenye filamu, alikuwa anatembea vizuri na lile lichuma lote, nyie mnatembea kama mabata? Na je, naweza kuendesha gari nikiwa nimevaa?" (Tabora)

Nashukuru kwa hilo la mabata. Sisi wote tuliomwangalia kwenye kibanda cha video tuliamini ni chuma, haikuwa chuma. Filamu ilitoka 1987, ila waliipiga 1986 kule Dallas, Texas, kwenye joto la kiangazi, na yule jamaa wa ndani, Peter Weller, alikuwa anamwaga jasho mpaka uzito unashuka, ikabidi wamtafutie kiyoyozi cha ndani ya vazi. Huo mwendo unaousifia alifundishwa na mwalimu wa maigizo ya bila maneno, Moni Yakim. Walifanya mazoezi kabla vazi halijafika, lilipofika wakakuta mwili hauendi kama walivyopanga, wakaanza upya, taratibu, kichwa kwanza halafu mabega. Yaani lile pozi ni la mtu ambaye vazi lilimkatalia akaamua kukubaliana nalo. Sasa wewe unataka uvae Jumamosi saa nne, saa tano utembee hivyo.

Kuhusu gari: RoboCop mwenyewe alikuwa haenei kwenye gari lake. Zile picha ukimwona kwenye usukani, kavaa juu tu, chini ni chupi. Kwa hiyo jibu ni hapana, huendeshi. Na yule aliyenitumia picha kapanda bodaboda na deraya nzima na helmeti ya sponji, ile helmeti ni pambo, haizuii lami, na sikuisambaza picha yako kwa sababu namheshimu mama yako.

"Samahani kwa swali hili, haja ndogo mnafanyaje?" (dada mmoja, Mombasa)

Usiombe samahani dada, hili ndo swali la kwanza ambalo kila mtu angetakiwa aulize. Unaenda kabla ya kuvaa, hata kama husikii kwenda. Mi yangu, toka nianze kuvua mpaka nifikie zipu, ni robo saa nikiwa na mtu wa kunisaidia, na nikiwa peke yangu sifiki. Bizimu mbili ziko mgongoni.

Ila sasa, najua wengi mnalimalizaje hili tatizo, mnaacha kunywa maji toka asubuhi. Hapo ndo napandisha presha. Jasho linapoza mwili pale linapokauka, na ndani ya plastiki na sponji halikauki, linatiririka tu linajaa kwenye buti, kwa hiyo mwili unaendelea kutoa na kutoa bila kupoa. Kwenye joto na kazi nzito mtu anaweza kutoa zaidi ya lita kwa saa. We umeingia ukiwa mkavu toka alfajiri, utatoa nini? Kunywa kuanzia jana yake. Wekeni mrija chini ya helmeti, nusu ya maji iwe na ORS, zile pakiti za dukani wanazopewa watoto wakiharisha, ni rahisi kuliko kinywaji chochote cha chupa chenye picha ya radi.

Na dalili mzijue jamani. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza: vua, kivulini, maji shingoni na kwapani, mpepee, maji mdomoni kidogokidogo. Mtu akianza kuongea pumba, akichanganyikiwa hajui yuko wapi, hiyo ni hospitali sasa hivi, na mwagieni maji ya baridi wakati usafiri unatafutwa. Msimpe soda mkasubiri.

"Nimeprinti helmeti kwa printa ya 3D siku nne, nikaiacha kwenye gari wakati wa ibada, narudi imelegea kama papai. Tatizo nini?" (Dar es Salaam)

Umetumia PLA, plastiki ya kuprintia. Inaanza kulegea kwenye nyuzi 60 hivi, na gari lililofungwa juani, dashibodi inafika huko na kuzidi. Kila mwezi kuna mtu ananiletea papai lake. Tumia plastiki ya PETG au ABS, zinavumilia joto zaidi, au ingia na helmeti kanisani ukae nayo.

"Naoa Desemba. Nataka kuingia ukumbini na deraya kamili ya kutoka anga za mbali badala ya suti, kamati imekubali. Nina kilo 20 za vazi, nimelijaribu chumbani, liko poa. Ushauri?" (Dar es Salaam)

Bibi harusi anajua? Sijaona popote kwenye ujumbe wako akitajwa.

Haya. Kilo 20 ni nyingi kaka. Yangu ni 13, niliipima kwenye mizani ya duka la mchele, na baada ya nusu saa mabega yananiambia ni 30. Halafu kujaribu chumbani unamaanisha nini, ulisimama mbele ya kioo dakika tano ukapiga picha? Hilo si jaribio. Jaribio ni kuvaa kila kitu, helmeti, buti, glavu, feni za ndani ya helmeti zimewashwa, utembee uwanjani dakika arobaini, upande ngazi sita na kushuka ukiwa huoni miguu yako, maana hutaiona, kifua kinakuziba. Tena kama umeweka ile plastiki ya kijani ya wachomeleaji kwenye macho, kwenye ukumbi wa taa za rangi utakuwa kipofu. Na hutakaa kitini. Anthony Daniels aliyekuwa ndani ya lile roboti la dhahabu la filamu za Star Wars alikuwa hawezi kukaa, kupumzika kwake ni kuegemea ubao. Sasa bwana harusi anayeegemea ubao meza kuu masaa manne, shemeji zako watasema nini?

Kikubwa kabisa ni konda. Daladala haitembei bila konda, na mtu wa deraya vilevile. Wewe husikii, huoni pembeni, huoni chini, feni zinavuma masikioni, kwa hiyo kuna mtu mmoja ambaye kazi yake ni wewe tu. Mimi na binamu yangu tunatumia lugha hiyohiyo ya konda, kugonga bodi: kugonga bega mara moja ni simama, mara mbili ni twende, tatu ni kuna mtoto miguuni usinyanyue mguu. Binamu havai chochote cha ajabu, ana begi na fulana, hakuna anayempiga picha, na bila yeye mi si askari wa anga, ni pipa linalotembea.

Siku moja hakuja. Ilikuwa birthday ya mtoto wa watu, bustanini, saa tisa mchana, nikamchukua kijana wa jirani nikamwambia we kaa karibu yangu tu. Pilau ilivyofunguliwa sikumwona tena. Dakika kama ya hamsini power bank ikaisha, feni kimya, pumzi yangu yote ikahamia kwenye macho ya helmeti, naona ukungu na rangi za maputo basi. Nikaanza kuyumba. Watoto wakapiga makofi, wakajua ndo onyesho limeanza. Nikapiga goti, wakashangilia zaidi. Ni bibi mmoja tu aliyekuwa amekaa kwenye mkeka ndo alisema, "Huyo mtu anaumwa, mtoeni hilo sufuria kichwani." Wakaja wanaume watatu, hakuna anayejua linafunguliwaje, bizimu iko ndani ya ukosi, wanavuta juu na shingo yangu inakuja nayo, mpaka mmoja akaja na kisu cha keki bado kina krimu akakata mkanda. Yule bibi akanimwagia jagi la juisi ya ukwaju kichwani maana ndo ilikuwa karibu na ilikuwa na barafu. Pesa ya kazi nililipwa, niliona aibu kuihesabu.

Toka siku hiyo konda wangu yeyote lazima anifungue mara tatu akiwa amefumba macho. Helmeti sekunde tano, kifua dakika moja, akizidi hatuendi. Kwa hiyo bwana harusi: bestiman wako ndo konda, mfundishe kuanzia sasa. Unaingia, wimbo mmoja, dakika kumi, unatoka, unavaa suti. MC aambiwe mapema asikuchezeshe. Na mwenzio umwambie leo.

"Naruhusiwa kutembea na bunduki ya bandia ya leza mtaani? Inawaka taa." (Nairobi)

Usifanye. Mei 2020, kule Lethbridge, Alberta, Kanada, msichana wa miaka 19 mfanyakazi wa mgahawa alisimama nje ya mgahawa kavaa deraya nyeupe ya Star Wars, kashika bunduki ya plastiki kuita wateja, polisi wakaja na bunduki za kweli, wakamlaza chini mpaka pua ikatoka damu. Ndani ya helmeti amri huisikii vizuri, na kulala kifudifudi haraka na deraya haiwezekani, kwa hiyo kwa anayekuangalia unaonekana mbishi. Hiyo ni Kanada. Wewe uko Nairobi, fikiria mwenyewe. Ibebe kwenye begi, itoke ukiwa ndani ya shughuli tu, na mlinzi wa getini awe ameshaishika mkononi mwake akaona ni plastiki.

"Unakodisha yako?" (wengi)

Hapana. Jasho langu limo humo.

"Mi sitaki kuvaa kabisa, ila rafiki yangu anavaa na nataka kumsaidia. Nibebe nini?" (Arusha)

Miaka yote ya kujibu maswali na wewe ndo wa kwanza. Nimemsomea binamu ujumbe wako akacheka akasema mwambie aje achukue kazi. Yeye anabeba hivi: maji lita tatu na mirija, ORS, taulo mbili moja imelowa, power bank ya akiba iliyojaa, gundi ya haraka, tepu nyeusi, lastiki, mkasi wa kukata mikanda (kisu cha keki hatukitaki tena), bisibisi, ndala za mvaaji, fulana kavu, na tone la sabuni ya vyombo kwenye kitambaa la kufuta macho ya helmeti kwa ndani yasishike ukungu. Saa ya mkononi pia, maana aliye ndani hajui muda, atakwambia bado kidogo kila ukimuuliza. Usimuulize. Dakika ya thelathini ikifika gonga mara moja, mtoe.