Mwanangu ana selimundu, wakwe wanasema nimekuja nayo mimi

SWALI: Assalaam alaykum, Shehe. Mwanangu wa pili alipofikisha miezi minane alivimba vidole vya mikono na miguu, akawa analia usiku kucha. Hospitali wakatuambia ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Mama mkwe anasema kwao maradhi haya hayapo, na anamshawishi mume wangu aoe mwingine. Mume yuko kimya. Mimi hulia nikiwa peke yangu, kisha naogopa kwamba nimekosa subira. Je, ni adhabu ya dhambi zangu? Na nikisitisha uzazi napata dhambi? (Mama wa wawili, Tanga)

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullah. Allah amponye mwanao na aufariji moyo wako.

Nianze na la mama mkwe, kwani naona ndilo linalokuumiza zaidi. Mtoto hapati selimundu kwa mzazi mmoja. Hupokea kinasaba kimoja cha ugonjwa kwa mama na kimoja kwa baba, na wazazi wanaokibeba kwa kawaida ni wazima, hata hawajijui. Kwa hiyo kwa mumeo nako kimo, naye amekipata kwa wazazi wake. Akioa wa pili naye akawa mbebaji, yatamkuta yale yale: kila mimba, nafasi moja katika nne ya kuzaa mgonjwa.

Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abu Hurayra (r.a.) kwamba bedui mmoja alimjia Mtume (s.a.w.) akilalamika mkewe amezaa mtoto mweusi, kwa maana ya kumkana. Mtume akamuuliza: Una ngamia? Ninao. Rangi gani? Wekundu. Hamna wa kijivu? Wamo. Wametoka wapi? Akajibu: Labda asili imewavuta. Akamwambia: Na mwanao huyu labda asili imemvuta. Basi tazama, mke hakuitwa kuhojiwa. Mume ndiye aliyeambiwa akatazame zizini kwake! Na katika Suratul Baqara, aya ya 233, Allah amekataza mama kutiwa taabuni kwa ajili ya mwanawe. Aya imeshuka katika mambo ya kunyonyesha na matunzo, lakini anayemsimanga mama kwa maradhi ya mtoto hana pa kujificha mbele yake.

Adhabu? Hapana. Qur'ani inasema hakuna abebaye mzigo wa dhambi za mwingine, seuze mtoto mchanga abebe wa mama yake.

Na kulia si kukosa subira. Nabii Yaaqub (a.s.) alihuzunika hadi macho yake yakawa meupe, naye ndiye aliyesema “subira njema”. Mtume wetu alitokwa na machozi mwanawe Ibrahim alipofariki, akasema jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila yanayomridhisha Mola wetu. Lia, mwanangu. Ila huzuni ikikunyima usingizi na chakula wiki baada ya wiki, mweleze daktari wa mtoto. Hiyo nayo ina tiba.

Kuhusu uzazi, masahaba walikuwa wakifanya azl (kumwaga manii nje ili kuzuia mimba) Qur'ani ikiteremka, kama alivyosema Jabir (r.a.). Kupanga kwa kukubaliana na mumeo kunajuzu. Kufunga kizazi moja kwa moja ni jambo zito zaidi, wanazuoni wengi hawaliruhusu bila dharura, kwa hiyo msiliamue bila daktari na mwanachuoni aliye karibu nanyi.

Mtoto asomewe Qur'ani, na ukipenda kombe (maji yaliyooshea aya zilizoandikwa) anywe, lakini dawa za kliniki zisikatishwe hata siku moja. Baridi na kiu huweza kumwamshia maumivu. Akianza kuswali, mtilie wudhu kwa maji ya uvuguvugu. Akibaleghe na madaktari wakasema saumu itamdhuru, asifunge. Alishe maskini kwa kila siku.

Siku ya miadi mwombe mumeo mfuatane, naye apimwe damu. Majibu yakitoka ayapeleke yeye kwa mama yake, si wewe.

Wallahu aalam.